Rangi Moja na Wening

Jumatatu, 6 Oktoba

Wening amenisemesha! Mimi!

Anakaa bweni la wasichana hapa Yogya, ng'ambo ya kichochoro, dirisha lake linatazamana na langu. Ni karibu kiasi cha kusikia akipiga chafya. Lakini mwanamume havuki geti la Mama Tarmi, mwenye bweni lile na hili letu la wavulana. Mgeni wa kiume ni barazani tu, kiti cha plastiki, na mama mwenyewe anafagia miguuni pake. Kwa hiyo mwaka mzima kilichovuka ni mawimbi ya ruta yangu, kile kisanduku cha intaneti. Nimeyaonea wivu.

Leo aliniita kutoka getini. Ijumaa ana mahojiano ya kazi kwa video, hospitali moja huko Makassar, ng'ambo ya bahari, na intaneti ya hapa inakwama mno. Akauliza, eti ni kweli Kaka Wiryo anasomea mambo hayo? Nikamwambia ndiyo tasnifu yangu! Kila chumba kina ruta yake, na zote zinapiga kelele kwenye chaneli moja. Mimi chaneli naziita rangi: nyekundu, kijani, njano. Programu yangu haina bosi. Kila ruta inachungulia majirani zake tu. Ikikuta jirani kavaa rangi kama yake, zinarusha sarafu nani abadilishe. Basi Kaka, akasema, nakutegemea.

Nakutegemea! Sikula chakula cha jioni.

Jumanne, 7 Oktoba

Mama Tarmi kaniletea ruta za wasichana barazani kwenye beseni la kufulia, nisije nikapata kisingizio cha kuingia ndani. Nikaziwekea programu moja moja, na za bweni letu pia. Kufika adhuhuri, shwari. Hakuna aliyefanana rangi na jirani yake. Hata Galih wa chumba cha pili, yule mwenye pikipiki mpya na majivuno mapya, alikiri kwamba mpira anaoutazama mtandaoni haukatiki.

Wening akapiga kelele dirishani: asante sana Kaka! Kisha akafunga dirisha.

Akafunga! Mtandao ukiwa mzima, mimi wa nini tena? Mjinga mkubwa mimi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata dawa. Nimeifundisha ruta yangu kimyakimya: badala ya kuikwepa rangi ya Wening, iifuate. Yake ikihamia kijani, yangu nayo kijani. Ikienda njano, nipo. Kidogo tu, apate sababu ya kulalamika.

Akaniita! Viti viwili vya plastiki, Mama Tarmi katikati, anafagia sakafu inayong'aa. Wening akasema inakatika tena Kaka, au nimelogwa? Nikakunja uso kitaalamu. Nikasema nitachunguza. Akanisimulia Makassar, bahari, samaki wa kuchoma, na jinsi alivyochoka kusubiri kazi tangu amalize uuguzi. Nikamuuliza akiondoka atakumbuka nini hapa. Nikajiweka sawa kwenye kiti. Akasema tempe, ile soya ya kukaanga ya pale kona.

Tempe! Lakini alisema huku ananiangalia. Hilo nimeliona.

Alhamisi, 9 Oktoba

Balaa. Ruta ya Wening ikiikimbia yangu inaangukia rangi ya jirani mwingine, naye anakimbia, anamsukuma wa tatu. Kichochoro kizima kinakimbizana. Galih kaja anafoka, wee bwana umefanya nini, goli limeingia mimi naangalia kiduara kinazunguka! Wening macho yamemvimba kwa kulia. Roho imeniuma. Nataka anipende, sitaki akose kazi.

Nimefuta ujanja wote. Nimeandika programu mpya, ya adabu, kama tulivyolelewa sisi Wajava: mkigongana, mpishe mwenzako mara moja, chukua rangi inayofuata. Nimeondoa kurusha sarafu. Adabu haichezi kamari. Nikaiweka kwangu. Kisha nikaona na ya Wening iwe na adabu pia, nikamwomba Mama Tarmi ailete kwenye beseni.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mahojiano saa nne asubuhi. Ruta zetu zikagongana kwenye nyekundu. Yangu ikapisha, ikaenda kijani. Yake ikapisha, ikaenda kijani. Zote zikapisha tena: njano. Zikarudi nyekundu. Ni watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia wewe. Dakta Hendrawati alitufundisha chuoni siku ya kwanza kabisa: wawili wanaofanana kila kitu, wasiporusha sarafu, hawaachani milele. Jana naandika programu nilikuwa nawaza nini? Najua nilikuwa nawaza nini.

Niseme ukweli. Nilibaki natazama skrini, moyo umejaa. Rangi yake na yangu, zinahama pamoja. Hawaachani milele! Ndipo dirisha likafunguka kwa kishindo. Kaka Wiryo, zima hicho kitu chako! Wananiona nimeganda mdomo wazi! Zima, nakuomba!

Nikazima. Papo hapo kila kitu kikatulia. Nikamsikia akijibu maswali, sauti haikatiki, akacheka na watu wa Makassar. Nilikaa na ruta mapajani. Mambo yake yanakwenda vizuri mimi nikiwa sipo. Inauma, sifichi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kazi kapata. Kaondoka leo. Kapelekwa uwanja wa ndege na Galih, kwa ile pikipiki. Alisimama getini akanishukuru sana kwa kuzima. Katika yote niliyomfanyia, kashukuru hilo! Nilikuwa na hotuba. Nikasema si kitu, Dada. Mama Tarmi akaniambia nisizibe geti, mwanangu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimemwandikia Wening: ruta yako huko iko chaneli gani? Kajibu jioni: kumi na moja Kaka, kwa nini?

Kwa nini! Kumi na moja ndiyo njano. Nimefikiri sana. Sheria inawakataza majirani tu kuvaa rangi moja. Kati ya Yogya na Makassar kuna bahari nzima. Sisi si majirani tena. Basi ruhusa! Nimeiweka ruta yangu njano na kuifunga isihame kamwe. Nimevaa rangi yake, na yeye hakwami hata kidogo.

Mpangaji mpya wa chumba chake, Dada Palupi, kaja getini kulalamika. Ruta aliyokuja nayo haina programu yangu, nayo iko njano, intaneti imekufa kabisa, kesho ana mtihani, tafadhali Kaka hama. Nimemwambia kwa heshima zote ahame yeye. Mimi na Wening hatuhami.