Malalamiko juu ya Jirani Anayejibu Vizuri

Kolwezi, tarehe 5 Novemba 1974

Kwa Tata Shehe Feruzi,
Msimamizi wa Msikiti, Kolwezi

Tata Shehe mheshimiwa,

Nakuandikia mimi, Mwananchi Mukalay, karani wa bohari ya mgodi, Mkatoliki, msomaji wa masomo kanisani siku ya Jumapili. Jina langu la ubatizo, Omer, nimelihifadhi kabatini kama serikali ilivyotuelekeza, ila ukifika kwenye avenyu yetu uliza Tata Omer, utaonyeshwa nyumba upesi zaidi. Hatujapata kuonana. Uniwie radhi kwa kuingia kwako kwa karatasi kabla sijaingia kwa miguu.

Nina malalamiko juu ya muumini wako Swedi, mwenye lori la buluu, mtu wa asili ya Kasongo. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ukuta mfupi wa matofali. Juu ya tabia yake sina neno, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Alipohamia, majirani walinijia mimi kama mtu aliyesoma, wakaniomba niwaulizie mambo ya dini yake. Nilikubali. Nilitarajia kwamba mtu akiulizwa sana atakasirika, atajibu vibaya, nasi tutaishi kwa amani kila mmoja upande wake. Haikuwa hivyo.

1. Kuhusu nguruwe. Mimi nafuga nguruwe nyuma ya nyumba. Siku moja nilimkuta Swedi anabadilisha gurudumu, nikamuuliza nguruwe aliwakosea nini. Akanijibu bila kuacha spana yake: "Haikunikosea kitu, Tata Mukalay. Mungu alikataza, mi nikaitika. Weye unakulaka mbwa?" Nikasema hapana. "Nani alikukataza?" Tata Shehe, nilikwenda na swali moja, nikarudi nyumbani na mawili. Baadaye nguruwe wangu mkubwa alibomoa banda, akaingia uani kwao, akala matembele ya Mama Mwamini, mke wa Swedi. Nilivaa koti nikaenda, nikiwa tayari kwa ugomvi wa dini. Nikamkuta Mama Mwamini anamtoa kwa ufagio, polepole, akimsemesha kama mgeni aliyekosea mlango. Aliniambia tu, "Tata, umufunge muzuri, batamwiba." Maneno makali niliyoyatayarisha bado ninayo, sijui niyapeleke wapi.

2. Kuhusu kutawadha. Nilimuuliza kwa nini wanaosha miguu kabla ya kusali, ilhali Mungu anatazama moyo. Kwa bahati mbaya mke wangu, Mama Odile, alikuwa anaanika nguo, akasikia yote. Swedi alisema, "Ukiendaka kuona mukubwa wa mugodi mu biro yake, unanawaka?" Nikasema nanawa, tena navaa tai. "Na ule mukubwa, anaonaka moyo yako?" Tangu siku hiyo Mama Odile ananiwekea beseni mlangoni. Anasema kama jirani anamnawia Mungu tangu alfajiri, mimi naweza kumnawia mke wangu jioni. Katika ndoa yetu yote nilikuwa nikipanda kitandani na vumbi la mgodi bila kuulizwa na mtu.

3. Kuhusu kufunga. Mwezi wenu wa Ramadhani ulipoingia, avenyu nzima ilikuwa na swali moja: "Hata maji?" Muuza mkate aliuliza, mwalimu aliuliza, hata padri aliyepita na baiskeli alipunguza mwendo akauliza. Swedi alimjibu kila mmoja, "Hata maji," kwa sauti ileile, kama mtu anayetoa habari njema. Mimi nilichimba zaidi. Je, mate? Akasema mate yanamezwa. Na aliyekunywa kwa kusahau? Akasema huyo anaendelea na mfungo wake, Mungu ndiye aliyemnywesha. Hapo nilihisi pana udanganyifu, nikaamua kufunga siku moja mwenyewe, kwa ajili ya uchunguzi. Kufika adhuhuri nilikuwa nimempa fundi mmoja buti mbili za mguu wa kushoto, naye akazitilia saini, kwa hiyo sikuwa mgonjwa peke yangu. Jua lilipozama sauti ikapita juu ya ukuta: "Tata Mukalay, kuya, uji iko tayari." Sikuwa nimemwambia kitu. Mama Odile anakana kuhusika. Walinipa tende kabla ya watoto wao, kisha uji wenye tangawizi na pilipili manga, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nimefunga. Nilikwenda kufichua udanganyifu, nikarudi na bakuli la wenyewe lililofunikwa kitambaa.

4. Kuhusu kuku. Bakuli la watu halirudishwi tupu, ndivyo asemavyo Mama Odile, na yeye hurudisha kwa kuku. Swedi akaomba kwa adabu amchinje mwenyewe. Nilimuuliza kisu changu kina kasoro gani. Akasema kisu ni kizuri. "Lakini roho ya kuku haiko yangu. Minalombaka kwanza ruhusa kwa Mwenyewe." Kuku akaliwa nyumba zote mbili, na ingeishia hapo kama Mama Odile angenyamaza. Sasa kila mwanamke wa avenyu anampelekea Swedi kuku amchinje, ili naye aweze kula kwao. Jumapili asubuhi pana foleni mlangoni kwake: Wakatoliki, Waprotestanti, mchungaji mwenyewe na jogoo kwapani. Jumapili iliyopita nilisoma somo la kwanza mbele ya mabenchi matupu. Waumini walikuja baadaye, na manyoya kwenye mikono ya nguo.

5. Kuhusu safari. Katika mwezi huohuo wa mfungo nililetewa habari kwamba mama yangu, aliyeko Mutshatsha, amezidiwa na homa. Treni haikuwapo. Swedi alishusha magunia yote ya unga ambayo watu walikuwa wamemkodi apeleke kwingine, akaniambia nipande. Tulipokuwa njiani, mvua imekata, alisimamisha lori, akatandika gunia pembeni, akaanza kusali. Mimi nilikuwa namwona mama yangu amekwisha kufa. Nikamuuliza kwa ukali, kutoka dirishani, kama Mungu hawezi kungoja mpaka Mutshatsha. Alimaliza, akakung'uta magoti. "Mungu anaweza kungoja, Tata. Mi njo siwezi. Nikiendesha bila kusali, mikono inatetemeka, na weye unataka kufika." Kisha akanywa maji. Nilimwona kwa macho yangu, mchana, Ramadhani, na nakiri kwamba katikati ya huzuni yangu nilifurahi: hatimaye nimemkamata. Akasema msafiri ana ruhusa, ataulipa mfungo huo siku nyingine. Tata Shehe, kila mlango wa dini yenu ninaousukuma naukuta umefunguliwa tayari, nami naanguka ndani.

Tulimkuta mama hai. Homa ilishuka baada ya sindano, akaketi, akataka kujua huyu aliyenileta ni mtoto wa nani. Alimuuliza Swedi habari za ukoo wake mpaka kwa mababu, akamwomba amwombee, naye Swedi akainua mikono kando ya kitanda wakati mama anashika rozari yake. Tulipoondoka, mama alimpa Swedi kuku wawili na mkungu wa ndizi. Mimi aliyenizaa alinipa salamu za kupeleka. Siku hizi barua zake zinaanza, "Mwambie mwanangu Swedi."

6. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Swedi haniulizi kitu. Mimi nimetayarisha jibu zuri juu ya Utatu Mtakatifu, jingine juu ya kwa nini padri haoi, na jingine refu juu ya maji ya baraka. Jioni naacha lango wazi. Anaingia, anakaa, ananiuliza mama anaendeleaje, mgongo wangu unaendeleaje, hata nguruwe, kama banda limeimarika. Kisha anakunywa chai yake na kwenda zake. Je, ni haki mtu mmoja kujibu kila siku na mwingine kukaa na majibu yake yanachacha?

Kwa sababu hizo naomba kwa heshima uchague moja kati ya haya. Ama umhamishie Swedi avenyu nyingine, mbali, ambako watu hawana udadisi. Ama umwamuru ajibu kwa hasira walau siku za Jumamosi, ili tupumue. Ama umweke mahali pake Mwislamu asiyeijua dini yake vizuri. Nina hakika unao kadhaa, maana sisi kwetu tunao tele.

Uwasalimie wa nyumbani kwako wote, wazee wa msikiti, mlinzi wa lango, waliokwisha kutawadha na wale ambao bado wanangoja zamu bombani.

Nabaki wako, mwenye miguu safi na moyo mzito,

Mukalay

Tanbihi: Tata Shehe, nilikuwa sijafunga bahasha hii Mama Odile alipoingia na kuniambia Mama Mwamini anafunga vyombo. Kaka yake Swedi amempatia kazi ya kusafirisha mizigo huko Kisenge, nao wanaondoka mwisho wa mwezi. Tafadhali usifuate neno lolote nililoandika hapo juu. Kama una uwezo wa kumzuia, mzuie. Kama huna, tafuta ruhusa kwa mwenye uwezo. Nimetoka kwake sasa hivi. Nilimuuliza kwa nini mtu anayependwa na avenyu nzima anahama. Alikunjakunja kitambaa chake cha kufutia mikono, akatazama chini, akasema, "Batu banahamaka, Tata Mukalay." Hilo ndilo jibu lake la kwanza ambalo sikuridhika nalo.