Koti Langu Liko Kazini

Alhamisi, 6 Juni 1996
Mkuu wa usafirishaji anastaafu! Kiwanda kizima cha minofu ya sangara kinajua kiti kile ni changu au cha karani mwenzangu Josephat. Josephat hana mke wala mtoto, anakaa ofisini kama kabati. Meneja Venant kasema Jumapili kuna mzigo wa ndege, makarani wote tuwepo. Nikaitikia kwa sauti kuliko Josephat.

Nafika nyumbani Igoma, mke wangu Paskazia ananikumbusha kuwa Jumapili ni komunio ya kwanza ya binti yetu Odeta. Mama yangu! Odeta akauliza kama nitakuja. Nikaapa.

Ijumaa, 7 Juni
Nimepata dawa. Koti mgongoni mwa kiti, chai kikombeni, kalamu wazi. Atakayepita atajua niko msalani.

Jumapili, 9 Juni
Saa moja asubuhi nimetundika koti. Nikamwambia Josephat tumbo linanisumbua.

Kanisani nimeingia na shati tupu. Paskazia akauliza koti la harusi liko wapi. Nikasema liko kazini. Akasema afadhali koti liwe huko kuliko mimi.

Wakati wa matoleo namwona nani mbele, na jogoo mkononi? Meneja Venant! Kumbe mtoto wa dada yake naye anakomunika. Nikachuchumaa nyuma ya ngoma za kwaya. Odeta, na shela lake jeupe, akaniona. Akapaza sauti kwamba baba amekuja! Kanisa zima likageuka, Meneja naye. Nikasimama, machozi yananitoka hovyo. Nampenda mtoto huyu jamani. Saa ile ningepewa kiwanda chote ningekikataa.

Nje Meneja akanivuta pembeni. Naye shati tupu. Akaniomba nisimwambie mtu: koti lake pia liko kitini.

Jumatatu, 10 Juni
Ningekataa nini! Josephat ndiye mkuu! Jana mwenye kiwanda alipita ghafla, akamuuliza wenzake wako wapi. Mnafiki yule akajibu kwamba makoti yapo, wenyewe hawapo. Na chai yangu kanywa.

Jumanne, 11 Juni
Nimelifikiria sana kosa langu. Koti peke yake halitoshi! Jumamosi Odeta anaimba shuleni, nami nimeshamwahidi. Ofisini pia nimeahidi kuwepo. Jioni nikaenda kwenye mitumba kutafuta viatu vya kuacha chini ya meza. Nikamkuta Meneja anachagua miwani ya kuacha juu.