Skrini Yangu na Majani ya Mgomba

Jumatatu, 9 Juni. Mjini Maua.
Skrini ya kompyuta ya saiba yangu imezima tena! Nikiiwasha inakaa vizuri mpaka ipate joto, kisha giza. Nimebadilisha waya. Nimeipiga kofi ubavuni, kwa heshima. Giza. Na wiki hii ndiyo wiki yenyewe! Mama Kanana, mwenyekiti wa akina mama kanisani, amenipa kazi ya kuchapa programu ya harusi ya bintiye Kanana, Jumamosi. Ikipendeza, kazi zote za kanisa ni zangu. Harusi, mazishi, harambee! Nikiharibu, zinavuka barabara kwenda kwa Abdirahim, mwenye saiba mpya na tabasamu la kuudhi.

Jumanne, 10 Juni.
Nimeimulika kwa tochi ya simu. Kumbe maandishi yamo, ila mwanga wa nyuma umekufa! Nikaandika nusu ya programu simu ikiwa mdomoni. Abdirahim akachungulia, akauliza kama ndiyo chakula cha mchana. Akasema, "Salesio, hiyo skrini imezeeka, bwana. Wachana nayo. Mimi niko na ingine imekaa tu, kuja uchukue." Nikamjibu yangu imechoka kidogo tu. Mshindani hakupi kitu bure.

Jumatano, 11 Juni.
Wazo! Adui ni joto. Na hapa Maua, nani hajui dawa ya joto? Miraa ya kutafuna hufungwa kwa majani ya mgomba ikafika Nairobi ingali mbichi. Nikaomba majani kwa wafungaji, nikayalowesha, nikaifunga skrini mgongoni, kamba na kila kitu. Ikawaka asubuhi nzima! Nikajipongeza kwa sauti. Mzee mmoja akaingia, akaomba aonjeshwe.

Alhamisi, 12 Juni.
Maji yameingia ndani. Pa! Moshi, harufu ya ugali ulioungua, na stima ikapotea jengo zima, hata saluni ya jirani, ambako Mama Kanana alikuwa amekaa chini ya draya. Akaja na nywele zimekauka upande mmoja. Akatazama majani. Akanitazama mimi. Akataka programu yake, nikamkabidhi ile nusu niliyoichapa jana, akavuka barabara bila kuaga. Iliniuma, sifichi. Nilikaa gizani nikitaka kulia.

Jumamosi, 14 Juni.
Programu imetoka kwa Abdirahim. Imependeza, mbaya zaidi! Kanisa zima linamsifu, na kazi zote sasa ni zake. Jioni akaniletea ile skrini yake, akasema jirani ni jirani. Nimemrudishia. Mtu akikupa kitu kizima bure, lazima anaficha jambo.

Nimejinunulia yangu sokoni. Ya kichogo, kama televisheni za zamani! Muuzaji alisema kibanda chake hakina stima, kwa hivyo hatukuiwasha. Sikuona haja. Vijana wa mkokoteni walipumzika njiani mara kwa mara wakinilaani. Jumatatu namwendea Mama Kanana, nimwambie kazi za kanisa zirudi nyumbani. Kitu kizito namna hii hakiwezi kuwa kibovu.