Mkanda Mweusi Juu ya Buibui Jeusi

Leo nimeadhirika. Tena si kichochoroni. Nimeadhirika ndani ya ua wa polisi, mchana kweupe, na shahidi wangu mwenyewe ndiye aliyenimaliza.

Ngojeni niwaeleze taratibu, maana mnanijua. Siwezi kusimulia jambo mpaka kila mtu awe amefahamu. (Mume wangu anasema hata chai naieleza kabla sijaimimina.)

Kwa wageni wa baraza letu hili la mtandaoni: mimi nafundisha wanawake kuendesha gari hapa Maskati. Wanakuja hawajui breki iko wapi, wanaondoka wakirudi kinyumenyume katikati ya madramu bila ya kuligusa hata moja. (Madramu ndiyo mtihani wa kwanza hapa kwetu. Ukigusa pipa, rudi nyumbani ukalie.) Sifoki. Sigombi. Lakini lipo somo moja ambalo sina masihara nalo, na kila mwanafunzi wangu analijua kwa moyo: kabla ya ufunguo, mkanda. Barabara zetu mnazijua, na matanga tuliyokwenda kwa sababu yake mnayajua pia.

Sasa, mwanafunzi niliye naye siku hizi ni Bi Zuwena, shangazi yake mume wangu. Mjane, mtu mzima, kachoka kusubiri watoto wampeleke Ruwi kununua vitambaa. Madramu kayapita. Mlima kaupita. Umebaki mtihani wa barabarani, nao ni wiki ijayo. Kikwazo ni kimoja tu. Mkanda hautaki.

"Mwanangu, buibui hili nimelipiga pasi, nimelifukiza udi. Unataka nilifunge kamba kama mzigo?"

Nimembembeleza miezi. Mtihani atashindwa kwa jambo hilo moja, na mtihani ni kitu kidogo. Mimi nnaogopa siku atakapokuwa barabarani peke yake.

Ndipo ikaja safari ya Sur. Tulikwenda harusini. Mimi kwenye usukani, mkanda kifuani, Shangazi nyuma na masinia ya vitumbua. Tunakaribia mji, askari wa trafiki akanipungia mkono nisimame. Nikasimama vizuri, pembeni kabisa, kama ninavyofundisha. Laiseni ilikuwa mkobani, mkoba ulikuwa nyuma miguuni mwa Shangazi. Nikafungua mkanda, nikageuka, nikaunyoosha mkono. Kugeuka tena mbele, askari huyu hapa dirishani.

"Hukufunga mkanda."

"Nilifunga, ndugu yangu. Nimefungua sasa hivi nitoe laiseni."

Akatabasamu kwa huruma. "Wote wanasema hivyo."

"Muulize shangazi yangu!"

Shangazi akamtazama, akanitazama mimi, akasema: "Mimi nilikuwa nimelala."

(Hakuwa amelala. Alikuwa anakula kitumbua. Nilipomuuliza baadaye, akanambia mwenye akili haingii baina ya polisi na dereva.)

Nikaandikiwa mukhalafa, yaani karatasi ya faini. Pesa yenyewe ndogo, ningelipa nikasahau. Kilichoniuma ni maneno ya Shangazi njiani tunarudi.

"Wewe ulifunga, ukaandikiwa. Mimi sikufunga, sikuandikiwa. Sasa huo mkanda una faida gani?"

Nikaona hapa si suala la faini tena. Karatasi ile ikisimama, Shangazi hafungi mkanda mpaka siku ya kufa kwake, na siku hiyo huenda ikawa karibu. Nikaamua kuipinga. Na kwa kuwa gari ni la Maskati, nikaambiwa naweza kupeleka malalamiko yangu hapahapa Maskati.

Usiku sikulala, nikifikiri yule askari wa Sur aliona nini. Hatimaye nikajipiga paji la uso. Aliona buibui! Tulizeni akili mnifuate. Buibui langu ni jeusi. Mkanda wa gari langu ni mweusi. Mweusi juu ya jeusi, mtu yuko mbali, jua linampiga machoni, kioo kinang'ara. Ataona nini? Ataona weusi mtupu. Wanaume wenye kanzu zao nyeupe mkanda wao unaonekana mpaka ng'ambo ya barabara. Sisi je?

Basi leo asubuhi nikamchukua Shangazi, makusudi aone haki inavyotafutwa, tukaenda ofisi ya trafiki.

Tukapokewa na ofisa mtu mzima, sauti ya chini, masharubu ya kijivu, uso wa mtu aliyekwisha kusikia visingizio vyote vya dunia. Nikamweleza kwa Kiarabu, hatua kwa hatua. Buibui. Mkanda. Jua. Kioo. Nikamchorea na picha. Akasikiliza, akayapapasa masharubu yake.

"Ustadha," akasema, "unataka nini hasa?"

"Nipe uwanja."

"Uwanja?"

"Simama pale kwenye nguzo ya bendera. Mimi nitapita na gari mara mbili, mwendo wa kobe. Mara moja nimefunga mkanda, mara moja sikufunga. Wewe utanambia ipi ni ipi."

Wenzake wawili wakaacha kalamu zao. Nadhani walikuwa na asubuhi ndefu. Ofisa akainuka, akachukua kofia yake.

Nikapita mara ya kwanza, mkanda kifuani.

"Hukufunga!" akapiga kelele kutoka kwenye nguzo.

Nikapita mara ya pili. Sikufunga.

"Hapo umefunga!"

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Shangazi, aliyekuwa kasimama kivulini, akapiga makofi. Ofisa akavua kofia, akajifuta jasho, akasema maneno ambayo nitayakumbuka: "Siwezi kuapa. Na mimi nisipoweza kuapa hapa, mwenzangu wa Sur hawezi kuapa kule."

Nimeshinda! Karatasi itafutwa!

Hapa hadithi ingekwisha, nami ningekuwa nawaandikia barua ya kujisifu. Lakini ofisa alikuwa na wema wa ziada. "Nikupe nasaha, ustadha. Funga kitu cheupe juu ya mkanda wako, ili uonekane. Usije ukarudi kwangu tena."

Shangazi hakungoja. Akatoa hanchifu yake mkobani, nyeupe pepepe, ina lesi pembeni, inanukia udi. Nikaifunga mkandani, mafundo mawili, pale pale panapokaa kifuani. Ofisa akatikisa kichwa kwa ridhaa. Nikatoka garini kwenda kuipokea karatasi yangu iliyogongwa muhuri.

Sasa niruhusuni nieleze kitu kimoja cha gari, maana bila ya hicho hamtafahamu nilivyopatikana. Mkanda ukiuachia hujivuta wenyewe, unaingia kwenye tundu lake pembeni ya kiti. Lakini ukiufunga fundo nene la hanchifu katikati, fundo halipiti. Mkanda unakwama. Unabaki umelegea, unaning'inia kando ya mlango kama utumbo. Mimi mwalimu wa magari. Hilo nalijua. (Nimelijua leo.)

Nikarudi garini nimebeba karatasi yangu kama cheti cha ndoa. Nikakaa. Nikavuta mlango, ukafungika kwa taabu kidogo, nikauvuta kwa nguvu zaidi. Shangazi akakaa pembeni yangu. Kisha, wenzangu, bila ya kuambiwa, bila ya kubembelezwa, Shangazi Zuwena akaushika mkanda wake, akaupitisha juu ya buibui lililopigwa pasi, akaufunga. Nikasikia ule mlio mdogo nilioungoja miezi yote.

"Nimefunga, mwalimu."

Machozi yakanilenga. Nikaliondoa gari na mahubiri yakaanza. Nikamwambia unaona, Shangazi, haki haipotei. Nikamwambia mkanda ni kama dua, unaufunga kila siku hata kama huoni kazi yake. Nikamwambia mwanafunzi bora ndiye anayejifunza kwa kuona. Nilikuwa bado kwenye hilo la kuona tulipofika getini.

Askari kijana akatoka kibandani, akanyoosha mkono. "Simama!"

Mguu wangu ulikuwa unakwenda kwenye breki, wallahi ulikuwa unakwenda. Lakini miezi yote hii mimi ndiye ninayemvutia Shangazi hendibreki kila anapochelewa kusimama. Leo akalipa. Akaishika kwa mikono miwili, akaivuta mpaka juu.

Gari likasimama. Shangazi akasimama nalo, katulia tuli ndani ya mkanda wake. Mimi nikaendelea na safari. Kifua kwenye usukani, honi ikalia piiiii, ofisi nzima ikatoka nje.

Hapo ndipo nilipojua.

Nikatazama dirishani. Mkanda wangu ulikuwa umebanwa na mlango, nusu yake iko nje, inaburutwa chini, na hanchifu nyeupe inapepea ubavuni mwa gari. Kitu pekee kilichonifanya nionekane, nilikifunga mwenyewe. Mafundo mawili.

Kijana akaja dirishani, akanisalimu kwa Kiarabu cha ndani ndani kabisa, cha kama Nizwa huko. Shangazi akaniinamia, akanambia kwa Kiswahili, na Shangazi hajui kunong'ona:

"Haraka! Mwambie umefungua sasa hivi utoe laiseni!"

"Shangazi, nitasemaje hivyo na mkanda uko nje ya mlango?"

"Sema umechomoka wenyewe! Sema chochote, huyu hatufahamu!"

Kijana akainama, akachungulia upande wa pili.

"Shikamoo, bi mkubwa."

Kiswahili safi! Hata honi ingenisaidia wakati ule.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Shangazi, sauti imekuwa ya asali ghafla. "Kumbe wetu! Mtoto wa nani wewe?"

"Baba mtu wa Nizwa. Mama asili yake Unguja. Bibi yangu yuko Azaiba, Bi Jokha."

"Jokha! Jokha mwembamba? Nimesoma naye chuo cha Kurani Unguja! Tumekula fimbo za mwalimu mmoja!"

Nikapumua. Nikasema alhamdulillahi, tumeshafika nyumbani. Mtu aliyekula fimbo na bibi yako humwandikii mukhalafa. Kijana akacheka, akaahidi kumfikishia bibi yake salamu, akatoa kalamu.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "nikueleze. Ilikuwa ni maonyesho. Nilikuwa namwonyesha bwana mkubwa kwamba mkanda hauonekani. Mara ya kwanza nilifunga, mara ya pili sikufunga, nikashinda, halafu nikasahau kuwa ile ya pili ndiyo ya mwisho."

Kijana akasita, akaifikiria.

"Hiyo mpya," akasema. "Hiyo sijapata kuisikia." Akaandika. "Nisamehe, bi mwalimu. Bibi akisikia nimemwachia mtu kwa ajili ya shikamoo, atanichapa mimi."

"Kweli," akasema Shangazi. "Jokha namjua. Andika, mwanangu, andika."

Shahidi wangu huyo!

Na nyuma yetu, mlangoni mwa ofisi, yule ofisa wa masharubu ya kijivu alikuwa kasimama na kofia yake mkononi. Akapaza sauti mpaka getini:

"Ustadha! Nikupe tena uwanja?"

Nilimwambia hapana, ahsante, leo yatosha.

Kifua kilikuwa kinaniuma. Nikasogeza gari nje ya geti, nikampa Shangazi usukani, tukabadilishana viti. Hanchifu ya lesi ilikuwa imeshakuwa nyeusi kwa lami na vumbi, nyeusi juu ya mkanda mweusi; nikaifungua. Nikamuuliza Shangazi, kwa uchungu kidogo, kama kweli hakuniona kwamba sikufunga.

"Nilikuona tokea kule kwenye nguzo ya bendera."

"Mbona hukunambia?"

"Ulikuwa unaeleza. Mwalimu hakatizwi. Nikasema labda hayo ndiyo maonyesho ya tatu."

Akafunga mkanda wake. Akalinyoosha buibui, likakunjika, akaliacha hivyo hivyo. Kisha hakugusa ufunguo. Akanigeukia, akaushika mkanda wangu, akauvuta kujaribu kama umekamata.

"Kifua chako kingali kinauma?"

"Kinauma."

"Nimekisikia kilivyogonga. Mimi sitaki yaliyokufika yanifike." Akanitazama juu ya miwani. "Haya. Kabla ya ufunguo?"

"Mkanda," nikajibu, kama mtoto wa chuo.

Akaendesha vizuri mpaka Al Khoudh.

Tumefika nyumbani, mume wangu akauliza kama nimeshinda. Nikamwambia nimeshinda. Akauliza karatasi ya pili ni ya nini. Nikaingia ndani kuja kuwaandikia nyinyi, kwa sababu Shangazi kashika simu tangu alasiri, na wanafunzi wangu wote wananitumia ujumbe kuniuliza kama kesho waje na hanchifu.

Nakuombeni, msicheke. Atakayesoma haya mpaka mwisho bila ya kucheka, aje Maskati, nitamfundisha kuendesha bure. Shangazi yeye hayumo, bado anacheka.