Jani Ni Jani

Jumatatu, 4 Mei

Baridi imeingia Johannesburg bila hodi. Magoti ya Nomsa yalijua kabla ya redio. Asubuhi ameshuka ngazi za ghorofa letu hapa Berea kwa ubavu, kama kaa, huku akiyatukana magoti kwa Kizulu. Kizulu kikimwishia huhamia Kiswahili cha Morogoro. Matusi yake ya Kiswahili yana lafudhi safi kabisa. Nilimfundisha mwenyewe.

Habari kubwa: Jumamosi ni sherehe ya watu wa Mazimbu, ukumbini Turffontein. Watu wa Mazimbu ni Waafrika Kusini waliokaa kambi ya Mazimbu, Morogoro, enzi za kupigania uhuru, pamoja na sisi Watanzania tuliowaoa tukafuatana nao huku. Kutakuwa na dansi. Dansi! Nomsa nilimpata kwenye dansi, Morogoro, nikiwa na viatu vya kuazima. Alikuwa anacheza na Hashim, ambaye naye sasa yuko huku. Wimbo ulipoisha akaja kwangu. Hashim hajasahau mpaka leo. Akisahau namkumbusha.

Sasa Nomsa anasema hatacheza. Magoti. Nimesikitika kuliko nilivyotegemea. Miaka yote hii ya kulinda magari ya watu kwenye baridi, najiambia: ipo siku tutacheza tena kama kule. Siku imefika, magoti yamegoma.

Lakini wanawake wa kanisani wamemwambia dawa. Mafuta ya bangi! Unachemsha na mafuta ya nazi, unapaka. Nilishtuka nikafunga dirisha. Kwetu ningelala rumande. Nomsa akacheka, akanikumbusha kwamba hapa mtu mzima anaruhusiwa kuwa nayo kwake kwa matumizi yake. Akasema nimwombe Hashim anichagulie, maana Hashim alimchagulia mama mkwe wake na mama mkwe akapona hata mdomo.

Hashim! Fundi cherehani! Mtu wa Tanga, anajua nini kuhusu jani zaidi ya kisamvu? Nikasema labda nife kwanza. Mimi ni mtoto wa Urambo. Nimezaliwa ndani ya tumbaku. Jani ni jani.

Jumanne, 5 Mei

Maandalizi. Nimetoa koti jeupe nililobaki nalo nilipoacha kazi buchani. Mteuzi wa tumbaku alivaa koti jeupe. Nomsa akauliza kama naenda kununua dawa au kuchinja. Nikafunga vifungo.

Nimekaa dirishani nikamkumbuka mteuzi siku ya soko. Ghala zima kimya. Mitumba ya tumbaku imepangwa safu kwa safu, kila mkulima kasimama nyuma ya wake. Mteuzi anachomoa jani moja. Analikunja. Analinusa. Analiinua kwenye mwanga. Kisha anataja daraja, na neno hilo moja ndilo mwaka wako wote. Akitaja daraja zuri, nyumbani ni nyama na mama kitenge kipya. Akitikisa kichwa, tunarudi njia nzima baba hasemi. Jamani, baba yangu. Alikuwa akishika pumzi mpaka shingo inavimba.

Misimu miwili nilifanya kazi bega kwa bega na mteuzi. Yote ninayo kichwani. Njano ndiyo mali, kijani ni balaa. Kavu ni uaminifu, unyevu ni wizi: mtu kanyunyiza maji apate uzito. Weupe wowote ni koga, tupa. Na usisahau kupasua katikati, maana wakulima wanaficha mawe. Baba yangu hakuwahi kuficha mawe. Matofali, mara moja.

Jioni nimefanya mazoezi na sukuma wiki ya Nomsa. Yote imeanguka mtihani.

Jumatano, 6 Mei

Ushindi! Nimekwenda Bertrams kwa Damien. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, shemasi kanisani kwake, anavaa suti hata kwenda kununua mkate. Ana chumba cha kuuzia bangi anachokiita klabu. Sheria inasemaje juu ya klabu sijui, na Damien hapendi kuulizwa. Nilifika nikifuatwa na mbwa wawili. Koti bado lina harufu ya bucha.

Kumbe kinachouzwa si majani. Ni maua yaliyokaushwa, vinundu vinundu, kwenye chupa za kioo. Haikunitisha. Ua ni jani lililojipenda.

Damien akafungua chupa yake ya kwanza kwa fahari. Kijani! Nikatikisa kichwa kama mteuzi. Nikanusa: harufu kali, malimao na mafuta ya taa, ikanipanda mpaka kwenye kisogo. Jani la heshima halimpigii mgeni kelele. Nikashika: linanata! Nikamuuliza mbele ya wateja wake kama amepaka sukari guru. Kisha nikaona unga mweupe unametameta juu ya ua zima. Koga! Nikapaza sauti, koga, ndugu zangu, msinunue! Mama mmoja aliyekuwa amefungua pochi akaifunga.

Damien akaniomba kwa upole nishushe sauti. "Papa Nico, ile nyeupe ndiyo nguvu yake. Hapo ndiko dawa iko." Hivyo ndivyo wakulima wa kwetu walivyojitetea. Nikaomba kisu, nikapasua ua katikati kutafuta mawe. Hakukuwa na mawe. Mjanja, huyu.

Ndipo nikaiona. Chini ya meza, nyuma ya ndoo, chupa yenye vumbi. Rangi ya chungwa! Kavu! Nikachukua ua moja nikalikunja, likakatika kama ukoko. Nikanusa: nyasi kavu na kabati la bibi. Machozi yakanilengalenga. Ile ilikuwa rangi ya mtumba wa baba, mwaka ule mmoja mteuzi alipotabasamu.

Nikamwambia Damien nataka hiyo. Akasema hapana, hiyo ni ya zamani, anaiweka kuwaonyesha wateja kitu kibaya kinafanana vipi. Maneno ya mchuuzi! Anamfichia mjomba wake. Nikakaza. Akashika kiuno, akanitazama, akasema, "Papa, mimi ni shemasi. Siwezi pokea pesa ya kitu yenye ilishakufa. Beba tu."

Bure! Nimemkagua mpaka kasalimu amri. Nimerudi Berea nikipiga mluzi. Mbwa nao wamerudi.

Alhamisi, 7 Mei

Nimepika dawa. Jirani wa juu amebisha kuuliza kama kuna tairi linaungua. Imetoka nyeusi, nzito, nikaimimina kwenye kopo la majani ya chai.

Nomsa akapaka. Akainama akanusa goti lake mwenyewe, akacheka taratibu. Akasema linanukia kama barua zangu, zile nilizomwandikia nikiwa likizo Urambo, ambazo zilifika Mazimbu zikinuka tumbaku mpaka wenzake bwenini wakawa wanajua barua imekuja kabla ya kuitwa jina. Nilidhani barua zile amezisahau.

Nikamuuliza goti linajisikiaje. Akasema linajisikia limepakwa.

Saa hiyo hiyo nani anaingia? Hashim, futi ya kupimia shingoni, kopo mkononi, na kopo limefungwa utepe! Mafuta ya magoti ya shemeji. Kijani, laini, yananukia malimao. Kumbe naye kaenda kwa Damien, na Damien kamsimulia juu ya mkaguzi wa koti jeupe. Hashim alicheka mpaka futi ikaanguka. "Mchagua nazi hupata koroma," akasema. Mtu wa Tanga hawezi kukutukana bila nazi.

Nikamwambia kwa heshima kwamba nimefanya kazi na mteuzi. Akamgeukia Nomsa. "Shemeji, muulize alifanya kazi gani. Alikuwa anambebea mteuzi kiti!"

Sawa. Nilibeba kiti. Kwani kiti kinajibeba? Sakafu ya ghala lile ilikuwa na mashimo. Kiti kikiinama, mteuzi anakasirika, na mteuzi akikasirika wilaya nzima inapata daraja la chini. Misimu miwili hakikuinama hata kidogo. Kuna watu Urambo wamejenga nyumba za bati kwa sababu yangu na hawajui.

Ijumaa, 8 Mei

Nomsa ameshuka ngazi kwa ubavu tena. Mafuta yangu bado yanatafuta njia. Jani zuri halina haraka.

Ila kopo la Hashim linanitazama. Nimewaza hivi: akipaka la Hashim kesho akacheza, ukumbi mzima utasikia kwamba Hashim ndiye aliyemwinua mke wangu. Nitaisikia habari hiyo mpaka kaburini, na Hashim ndiye atakayenishonea sanda. Basi, alipokwenda mazoezi ya kwaya, nimelichukua kopo na utepe wake nikalificha nyuma ya mfuko wa unga wa pap, ugali wa huku.

Aliporudi akauliza liko wapi. Nikasema vitu vya Hashim havidumu. Akanitazama kidogo. Kisha akachukua kopo langu akapaka, pole pole, magoti yote mawili. Nimejisikia mshindi, na chini ya ushindi kitu kingine kidogo ambacho sikukipenda. Nimekula mkate kikaondoka.

Jumamosi, 9 Mei

Nitaandika polepole, mgongo unauma.

Ukumbi ulijaa. Vichwa vyeupe kila mahali, watu niliowaacha vijana. Wanaamkiana shikamoo kwa lafudhi ya Soweto. Watoto wao wamekaa pembeni na simu, wanaelewa kila neno na wanajibu kwa Kiingereza. Wali wa nazi ulikuwepo. Mtu alileta picha za Mazimbu, na kwenye moja Nomsa amevaa gauni la maua anacheka na mtu aliyekatwa na ukingo wa picha. Unaonekana mkono na kiatu tu, ila kiatu kile nakijua: ni cha kuazima. Nimekaa na picha ile mpaka mwenyewe akaidai.

Hashim akaja na suti mpya. Akamwamkia Nomsa, akauliza kama mafuta yake yamesaidia. Nomsa akasema mafuta yako yamepotea, shemeji. Kisha wote wawili wakanigeukia. Nikatazama dari. Dari la ukumbi ule limepakwa rangi vizuri.

"Eish, Nico," Nomsa akasema. Hilo tu. Heri angenitukana kwa Kiswahili nilichomfundisha.

Hapo wakapiga wimbo wetu. Likaanza lile gitaa, na ukumbi mzima ukainuka kama umeitwa jina. Nomsa akashika meza, akajaribu. Goti likakataa. Akakaa. Mguu wake ukawa unapigapiga sakafu peke yake chini ya kiti, akageuza uso akasema moshi umemwingia machoni. Hakukuwa na moshi. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile ya baba akirudi njia nzima hasemi.

Sikujua la kufanya. Nikafanya ninachokijua. Nikainama nikashika kiti chake, mguu na egemeo. Hakikunyanyuka. Nina zaidi ya miaka sitini na Nomsa si mteuzi, amejaaliwa. Hashim akaniona. Akavua koti lake jipya, akalikunja vizuri, akashika upande wa pili bila neno. Nikamwambia kiti kisiiname. Kwa mara ya kwanza maishani akanitii.

Tukanyanyua! Nomsa akapiga yowe, kisha akatambua kinachofanyika, akanyoosha mikono juu. Siku zote alicheza kwa mabega. Tukamzungusha ukumbini, mimi mbele Hashim nyuma, watu wakipisha, akina mama wakipiga vigelegele. Karibu tumbwage kwenye spika. Alicheka kile kicheko cha kwenye picha. Magotini mwake mafuta yangu yakapata joto, na harufu ikapanda, na mimi nikawa mtoto kwenye bani la kukaushia tumbaku, nimekaa na baba tunachochea kuni, jani linageuka njano taratibu kule juu. Nikamwambia Hashim kwa furaha, unaisikia? Akasema anasikia mbuzi aliyeungua.

Kiti hakikuinama hata kidogo.

Jumapili, 10 Mei

Siwezi kusimama. Nomsa ameingiza mkono nyuma ya mfuko wa unga bila kuuliza, akatoa kopo lenye utepe, akanipaka mgongo. Kumbe alijua tangu Ijumaa! Nikamuuliza kwa nini basi hakulitumia. Akasema lile halinuki barua.

Mke huyu.

Mchana mgongo ulilegea. Ni jambo la kueleweka: mafuta ya Hashim yamekaa jikoni siku mbili jirani na yangu, yamepata nguvu. Nimemweleza Nomsa. Akafumba macho, akaniomba nimwahidi kwamba sitakagua tena jani lolote maisha yangu yote. Nimeahidi. Nimeahidi kwa moyo mweupe.

Jioni akanituma kwa mama wa mboga pale kona, nilete spinachi. Mama akanipa fungu la kijani, limelowa maji, majani yamevimba. Nilimcheka tu. Maji ya uzito! Mimi huyu? Nikachungulia nyuma ya kibanda chake, na nilijua nitaliona: fungu la njano, kavu, limesinyaa kwa adabu, limefichwa ndani ya ndoo. Nikasema nataka hilo. Akashangaa. Nikakaza.

Amenipa bure. Habari zangu zimeshafika mpaka huku.