Mpima Mega wa Baraka

Wilfried hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Wilfried alifunguliwa mlango, akaletewa kiti, akaulizwa kama chai anakunywa na sukari. Kila alichokipata alipewa kwa mikono miwili, na mara nyingi aliyempa alimshukuru.

Siku hiyo alikuwa ameshuka Baraka kutoka Fizi, amevaa koti la kuazima, anatafuta mbuzi. Si kununua, kutafuta. Kule Swima, baba yake Arlette alikuwa amesema waziwazi: mbuzi watatu wa mahari, au binti anasikiliza maneno ya kijana mwingine, mwenye mtumbwi wa mota. Wilfried alimpenda Arlette kweli. Katika mambo yake yote, hilo peke yake halikuwa na uongo ndani.

Akipita karibu na ua wa Mama Nadège alisikia kelele, akasimama. Kelele za watu wenye mali zilimvuta sikuzote.

Mama Nadège, mjane mwuza maharage, alikuwa na antena ya internet juu ya bati lake. Majirani walichanga sawasawa kila mwezi, wote wakanywa humo. Lakini siku hizi internet ilikuwa inatambaa: salamu ya asubuhi ilifika watu wakiwa wanakula cha jioni.

"Mi natumaka tu message kwa mutoto wangu ya Kalemie," mwalimu mstaafu Norbert alikuwa anapaza sauti. "Alphonse anaangalia filme jua ikitoka mpaka inalala! Juu ya nini tulipe sawasawa? Mwenye anakula sana, alipe sana!"

Alphonse, mchuuzi wa dhahabu ya Misisi, alizungusha pete kidoleni. "Mwalimu, ku ndoa banakuulizaka umekula sahani ngapi? Muchango ni muchango!"

"Na nyimbo za Mungu?" aliuliza mzee Azarias wa kwaya, ambaye ng'ombe zake zilikuwa juu milimani na masikio yake kwenye simu. "Nazo mutazipima?"

Wote wakamgeukia Mama Nadège. Yeye hakuacha kuchagua maharage. "Mi mwenyewe ningetaka mukubwa alipe ya mukubwa," alisema. "Lakini nitajua aje nani anakula sana? Kipimo sina."

Wilfried alilisikia lile "sina" jinsi kuku anavyosikia punje ikidondoka.

"Hodi, bamama na bapapa," alisema akiwa tayari yuko ndani. "Naitwa Ingénieur Wilfried. Mi napimaka mega, ile chakula ya internet."

Akafungua mfuko, akatoa mashine ya kupimia tension, yaani presha ya damu, ile ya hospitali: kitambaa cha kufunga mkono, mpira wa kubonyeza, na saa yenye mshale. Aliipata Lweba kwa muuguzi aliyeacha kazi. Aliichukua simu ya Alphonse, akaifunga kitambaa kwa upole kama mtoto mwenye homa, akabonyeza mpira. Mshale ulipanda.

"Aii!" Wilfried alitikisa kichwa. "Hii telefone iko na ulafi."

Watu walirudi nyuma hatua moja. Hata Azarias aliingiza simu yake ndani ya koti, kama aliyesikia ugonjwa unaambukiza.

Wakakubaliana: Jumamosi, mbele ya wote, kila simu ipimwe, na kila mtu alipe kadiri ya mshale wake. Mama Nadège alimtazama fundi kwa muda, akatazama na mashine, kisha akampa chumba cha uani na sahani ya fufu na ndagala. "Mugeni ya mega ni mugeni yangu," alisema.

Wa kwanza kuja kwa siri alikuwa Alphonse, anavuta mbuzi.

"Ingénieur, ule mushale hauwezi kulala kidogo?"

"Papa, mushale hauna macho," Wilfried alisema kwa huzuni ya kitaaluma. "Lakini sauti ya mbuzi unasikiaka."

Azarias naye alileta wake. Hakuhonga, Mungu apishe mbali. Alitoa zawadi kwa mtu aliye safarini. Wilfried aliipokea katika roho ileile.

Wa tatu alimshangaza hata Wilfried mwenyewe, ambaye kwa tabia ya binadamu hakuwa mtu wa kushangazwa ovyo. Alikuwa Norbert.

"Mwalimu! Si we njo ulisema mwenye anakula sana alipe sana?"

Norbert aliangalia viatu vyake. "Mi naangaliaka catch. Wale bantu bakubwa banaangushana. Bibi yangu anazania niko nasoma Biblia."

Mbuzi watatu! Ijumaa Wilfried alifungua kamba zao ili aondoke kimyakimya. Mlangoni akamkuta Mama Nadège na ungo wake.

"Unaenda na kazi haijaisha? Bantu batasema ingénieur alikuwa mutu ya uongo. Pima kesho, uende na heshima."

Mtu wa maneno hufungwa na maneno. Isitoshe, hakuna anayekimbia na mbuzi watatu wanaolia. Akarudi.

Jumamosi simu zilipangwa mezani, na Wilfried akabonyeza mpira kwa vidole vya huruma. Simu ya Alphonse: mshale kidogo. Ya Azarias: kidogo. Ya Norbert: kidogo kabisa, mwalimu wa watu.

"Ingénieur," Mama Nadège aliuliza taratibu, "saa hii zote ziko zinakula?"

"Zinakula, Mama. Lakini kwa adabu."

Mama Nadège akainua waya wa antena mkononi. "Antena niliizima tulipokaa."

 Wilfried alifungua kitambaa kwenye simu ya Norbert, akaanza kukikunja.

"Sasa," Mama Nadège aliendelea, "mwenye anakula kidogo hawezi kuhonga mushale. Mbuzi iko ya nani, asimame."

Hakuna aliyesimama. Mbuzi mmoja alimtambua Norbert, akamlilia kwa furaha.

"Basi, kipimo tumepata. Benye mbuzi batalipa zaidi, bengine balipe kidogo. Na hizi mbuzi zitabaki hapa, juu ya miezi yote mulikula migongoni ya benzenu."

Kwa kuwa kubisha kulihitaji kwanza kukiri, watatu wale waliondoka wakikohoa.

"Ulijua tangu lini?" Wilfried aliuliza.

"Ile mashine ilinipimaka mukono ku Lweba, wakati ya mimba yangu ya mwisho. Mi nilikuwa naogopa kuwapima majirani. We hukuogopa. Umepima muzuri sana."

Aliomba angalau mbuzi mmoja. Mama Nadège alicheka mpaka maharage yakamwagika. Basi akaomba internet, amwambie Arlette mwenyewe, kabla hajaambiwa na wengine. Mama Nadège akawasha antena, akampa dakika chache, naye akabaki na ile mashine kama malipo, kwa kuwa shemeji yake alikuwa na tension ya kweli.

Wilfried akapiga video. Alitaka Arlette aone uso wa mtu anayejuta. Arlette akatokea, anacheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa ameona nyuma ya bega la Wilfried.

"Wilfried! Zile mbuzi! Moja, mbili, tatu! Papa! Papa, njoo uone!"

"Hapana, Arlette, sikia, zile mbuzi..."

"Papa anasema tuko tunakungojea kesho!"

"Arlette, si za..."

Picha ikaganda, mdomo wa Arlette ukiwa umebaki wazi kwa furaha. Kisha ikazimika.

"Pole, ingénieur," alisema Mama Nadège akiokota maharage yake. "Video inakulaka sana."