Magunia Sita ya Kuazima

Jumatatu, 5 Mei
Ninaandika shajara hii ili siku nitakapokuwa afisa mkuu wa mazingira, pawe na ushahidi kwamba nilianzia mtaa wa Free Area, chumba nambari nne, bila msaada wa mtu. Bwana Omolo wa ofisi ya usafi atakuja Ijumaa. Anatafuta mratibu wa mtaa. Nimemwahidi kuongoza usafishaji mkubwa mbele yake. Shahada ninayo. Mpinzani ni mmoja tu: Fardosa wa chumba cha saba, mwokota chupa za plastiki, ambaye hajakanyaga chuo kikuu hata kwa kupotea njia.

Jumanne, 6 Mei
Nimekagua mtaro wote hadi kwenye kalvati, bomba linalopitisha maji chini ya barabara. Hakuna takataka. Fardosa amezimaliza. Nimemweleza kwa staha kwamba anahujumu maendeleo ya vijana. Ameuliza kama hayo niliyasomea miaka yote minne au ni ya semista moja tu.

Jumatano, 7 Mei
Suluhisho. Nimemwomba Fardosa aniazime magunia yake sita ya chupa, nizitawanye, kisha nizikusanye. Alicheka mpaka akakalia gunia. Akasema, boss, chukua, lakini lori linazibeba Jumamosi, na hizo ndizo karo ya mwanangu. Nimeapa kwa maandishi kwamba nitazirudisha zote kabla ya lori. Chini ya jina nimetaja shahada.

Alhamisi, 8 Mei
Saa kumi jioni nimetawanya chupa mtaroni kwa ustadi, zionekane zimetupwa na watu wasio na elimu. Saa kumi na moja, mvua. Sura ya tatu ya tasnifu yangu inaeleza jinsi chupa zinavyoziba kalvati. Nilipata A. Sasa sura ya tatu inaelea chini ya kitanda. Mama mwenye nyumba anapita na ndoo, akiuliza ni mjinga gani. Nimemjibu kwamba suala hilo linahitaji utafiti.

Ijumaa, 9 Mei
Bwana Omolo amemkuta Fardosa mtaroni, maji kiunoni, akizibua kalvati. Mimi nilikuwa juu ya kiti, nikitoa maelekezo. Viatu vyangu si vya majini. Amempa Fardosa kazi papo hapo, kisha akauliza chupa zile ni za nani. Fardosa akasema, mzee, ni zangu, kuna msomi aliziazima. Mama mwenye nyumba alielewa kabla ya Bwana Omolo.

Jumamosi, 10 Mei
Lori limeondoka na magunia manne. Mawili yamekwenda na maji. Fardosa ameamuru niokote naye kila asubuhi hadi nizilipe chupa zake. Kwa lugha ya kiofisi, mimi ni Naibu Mratibu.
Nyuma ya soko nimeona lundo zuri la chupa. Kuzitia guniani kule kule kungekuwa rahisi, lakini kule hakuna afisa wa kuniona. Kesho jioni nitazihamishia mtaroni.
Tunaanzia kwenye kalvati Jumatatu, saa moja asubuhi. Fardosa anasema mawingu yanajikusanya tena. Sioni uhusiano.